Walter Chrysler, fundi wa treni aliyeituliza injini

Jina la Chrysler tunalijua sote tunaoishi huku Ghuba. Tunaliona juu ya magari barabarani, na Dodge, kampuni aliyoinunua yeye mwenyewe, imejaa Maskati na Dubai. Lakini ukiwauliza watoto wetu kama Chrysler alikuwa mtu au mji, wengi watakukodolea macho. Alikuwa mtu, tena mtu aliyeanza kazi kwa kufagia karakana ya treni.

Kilichonifanya nikae niandike habari zake ni simu ya mtoto wa kaka yangu. Kijana huyu ana Land Rover ya zamani, ya miaka ya sitini, aliyoinunua ikiwa imekufa injini. Akatafuta injini ya Toyota ya dizeli, silinda nne, akaipeleka kwenye gereji moja huko sanaiya wakampachikia. Gari likawaka, alhamdulillahi. Lakini lilitetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Kioo cha kuangalia nyuma hakionyeshi kitu, rejeta ikaanza kuvuja, egzosi ikapasuka mara mbili. Kila akirudi gereji wanaongeza chuma: kipande kinachomelewa hapa, bolti inakazwa pale. Na kila wakikaza, mtetemeko unazidi.

Baba yake hakusikitika hata kidogo. Yeye tangu mwanzo hakutaka kumuona mwanawe na mikono ya grisi. Amemsomesha mpaka chuo kikuu, kijana amepata kazi ya ofisini yenye kiyoyozi, sasa anasema anataka kuacha afungue karakana ya magari ya zamani! Kaka yangu akaona hapa ndipo pa kumaliza maneno. Gari liuzwe chuma chakavu, na habari za gereji zife pamoja nalo.

Mimi nimesomesha fizikia zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kufungua injini hata moja. Lakini nilijua kuwa shida ya kijana wetu, ile ya gari na ile ya baba pia, ilishampata Chrysler zamani. Nikamwambia asiuze kitu kwanza, nitamletea habari za mtu. Na kwa kuwa najua si nyumba ya kaka yangu peke yake yenye ugomvi huu, nimeona bora niziandike hapa zisomwe na wengi.

Baba hakutaka

Walter Chrysler alizaliwa tarehe 2 Aprili 1875 katika mji mdogo wa Wamego, jimbo la Kansas, Marekani. Alikulia Ellis, mji mwingine wa Kansas uliokuwa ukiishi kwa reli. Baba yake alikuwa dereva wa treni. Mtoto huyu alilala na kuamka na sauti ya vichwa vya treni, na kila alipopata nafasi alikuwa karakana akitazama wanaume wakivifungua na kuvifunga.

Alipomaliza skuli baba alitaka aende chuo. Mwana akataka awe mwanagenzi wa ufundi wa mashine. Baba akakataa kumpa ruhusa. Unaona basi, hata mzee ambaye chakula chake kilitoka kwenye reli alitaka mwanawe apande juu zaidi, asishike spana. Kijana hakugombana naye. Alikwenda kwenye karakana ileile akaomba kazi ya kufagia, kwa senti 10 kwa saa. Alifagia vizuri mpaka wakubwa wa pale wakamsemea kwa baba yake, na mzee akalegea. Sasa tazama ajabu yake: alipoingia uanagenzi mshahara ukashuka, akawa analipwa senti 5 kwa saa. Alikubali kulipwa nusu ili ajifunze.

Vifaa vyake vingi alivitengeneza mwenyewe, kwa sababu pesa ya kununua hakuwa nayo na pia kwa sababu aliona fundi akitengeneza kifaa chake atakijua zaidi. Alijiundia pia kichwa cha treni kidogo, kilichofanya kazi kweli, akikipita kwenye njia ya reli aliyoitandika mwenyewe. Tulie kwenye habari hizo za vifaa, tutazirudia mbele.

Baada ya uanagenzi alizunguka, leo mji huu, kesho mji ule, kama walivyokuwa mafundi wa reli wakati ule. Mwaka 1901 alimuoa Della Forker, binti wa Ellis aliyemsubiri kwa miaka. Akapanda cheo kidogo kidogo, mpaka akawa msimamizi wa mitambo wa kampuni ya reli ya Chicago Great Western, huko Oelwein, jimbo la Iowa.

Gari jeupe na deni lake

Mwaka 1908 alikwenda Chicago kwenye maonyesho ya magari. Akaona Locomobile nyeupe yenye viti vyekundu. Bei yake dola 5,000. Akiba yake yote dola 700. Alirudi kulitazama siku baada ya siku, mwisho akakopa benki dola 4,300 na kulinunua. Mkopo wa namna ile siusifu, na sisi tunajua dini yetu inasema nini kuhusu riba. Ninachotaka mkitazame ni alichofanya baada ya hapo.

Gari lililetwa Oelwein kwa treni, likavutwa na farasi mpaka kwenye banda la nyumba yake. Bibi Della akadhani sasa watatoka kutembea. Wapi! Chrysler alilifungua lote, akatandika vipande chini, akavichora, akavipima, akalifunga tena. Kisha akalifungua tena. Ilipita miezi mitatu kabla hajaliendesha. Inasimuliwa kuwa siku ya kwanza alipolitoa lilimshinda, likamwingiza kwenye bustani ya jirani. Lakini kufikia siku ile hapakuwa na bolti moja ya gari lile asiyoijua kazi yake.

Kwa desturi yetu mtu akinunua gari la bei kubwa hulitandikia vitambaa na kuwaita jamaa walione. Huyu alilinunua ili alisome.

Kutoka Buick mpaka jina lake mwenyewe

Kutoka reli alihamia kampuni ya American Locomotive, iliyounda vichwa vya treni, huko Pittsburgh. Halafu wakubwa wa General Motors wakamwita aende Flint, Michigan, akasimamie kiwanda cha Buick. Waliokuwa wakimwajiri walikuwa tayari kumpa dola 12,000 kwa mwaka abaki. Buick wakampa 6,000. Akaenda Buick. Hii ni mara ya pili anachukua nusu ili aingie mahali pa kujifunza, safari hii akiwa na mke na watoto wa kulisha.

Kiwanda alikikuta kinafanya kazi polepole kama maseremala wa magari ya farasi. Akakipanga upya, magari yakaanza kutoka kwa wingi, na baada ya miaka michache yeye ndiye rais wa Buick, akilipwa dola 500,000 kwa mwaka. Aliondoka baada ya kutofautiana na mkubwa wa General Motors, William Durant. Kisha akaitwa kuziokoa kampuni nyingine mbili zilizokuwa zikizama, Willys-Overland, iliyomlipa dola milioni moja kwa mwaka, na Maxwell.

Huko ndiko alikokutana na wahandisi watatu waliokuwa wakitembea pamoja kama vidole vya mkono mmoja: Fred Zeder, Owen Skelton na Carl Breer. Pamoja wakaunda gari la silinda sita lililoitwa Chrysler. Januari 1924 walitaka kulionyesha New York, wakakataliwa kuingia maonyeshoni kwa sababu gari lilikuwa halijaanza kuuzwa. Chrysler akachukua ukumbi wa hoteli ya Commodore, wenye magari wote walipokuwa wakifikia, akayapanga mle ndani. Gari lilikuwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne, jambo ambalo magari ya bei ile hayakuwa nalo. Mwaka ule wa kwanza yaliuzwa kama 32,000. Tarehe 6 Juni 1925 kampuni ya Chrysler ikaandikishwa, na mwaka 1928 akainunua Dodge na kuanzisha Plymouth, gari la watu wa kawaida.

Silinda nne zinazotikisa

Hapa ndipo tunapofika kwenye Land Rover ya kijana wetu.

Plymouth ilikuwa na injini ya silinda nne. Chevrolet tangu mwaka 1929 walikuwa wakiuza silinda sita kwa bei iliyokaribiana na ya silinda nne. Mteja akijaribu yote mawili, aliisikia tofauti kwenye mifupa yake. Na mwaka 1931 Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi, viwanda vinafungwa. Kuunda injini mpya ya sita ni gharama. Kukaa na nne inayotetemeka ni kukimbiwa na wateja.

Kwanza tuelewe kwa nini silinda nne hutikisa. Katika injini ya namna hii, kila krenkishafti ikizunguka mara moja inapata miripuko miwili. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka mara 700 kwa dakika, hiyo ni miripuko 1,400 kwa dakika, zaidi ya 23 kwa kila sekunde. Kila mripuko unaizungusha krenki upande mmoja, na mwili wa injini unajibu kwa kutaka kujipindua upande wa pili. Silinda sita ina miripuko mitatu kwa mzunguko, nane ina minne, kwa hiyo msukumo wao umekaribiana, hauji kwa vipindi vipindi. Tena katika nne pistoni mbili zikipanda mbili zinashuka, na nguvu zao hazifutani zote. Injini inarukaruka.

Mawazo ya wengi yalikuwa kama ya wale mafundi wa sanaiya: kinachotikisika kikaze. Raba zilikuwa zimeshaanza kutumika chini ya injini, lakini kama vipande tu vya kuzuia kelele. Wahandisi wa Chrysler wakageuza swali. Wakauliza, kama injini hii ingening'inizwa hewani ikiwaka, ingejipindua kuzunguka mstari gani? Kila kitu chenye uzito kina mstari wake wa namna hiyo, na unapita kwenye kitovu cha uzito wake. Kwa injini iliyounganishwa na giaboksi, mstari huo hauendi sawa na chesisi. Umelala kwa mshazari, juu kwa mbele, chini kwa nyuma.

Basi wakaibeba injini kwa sehemu mbili tu zilizo juu ya mstari ule. Mbele mauntingi ikawekwa juu, chini kidogo ya pampu ya maji. Nyuma ikawekwa chini, kwenye giaboksi. Kati ya chuma na chuma ikawekwa raba nene. Pembeni wakaweka springi bapa moja ya kuizuia injini isijipindue kupita kiasi dereva anapokanyaga mafuta. Injini ikaachiwa icheze kwa mstari wake yenyewe, na kucheza kule hakukufika tena kwenye viti. Mpango huu waliuita kwa Kiingereza Floating Power, kwa maana ya nguvu inayoelea.

Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwafahamisha kwa bembea. Mtoto yupo kwenye bembea, ukimsukuma kwa mwendo wa bembea yenyewe, atapaa mpaka uogope. Lakini ukiitikisa kamba haraka haraka, mara nyingi kwa sekunde, bembea haikujali, inabaki palepale. Injini juu ya raba laini ni bembea ya polepole. Miripuko 23 kwa sekunde ni mkono unaotikisa haraka. Ukiondoa raba ukaweka chuma, au ukaweka raba ngumu kama jiwe, unaifanya bembea iwe ya haraka, mpaka mwendo wake unakutana na mwendo wa miripuko. Hapo ndipo gari zima linapoitika. Kwa hiyo kila bolti waliyoikaza wale mafundi wa kijana wetu ilikuwa inamsogeza karibu na balaa.

Plymouth yenye mpango huu, iliyoitwa PA, ilitoka Julai 1931, bei kuanzia dola 535. Inasimuliwa kuwa Chrysler alilichukua mojawapo ya yale ya mwanzo kabisa, akaliendesha mpaka Dearborn kwa Henry Ford, mshindani wake mkubwa. Akawapandisha Ford na mwanawe Edsel, akawatembeza, kisha akawaachia gari kama zawadi na kurudi nyumbani kwa teksi. Mwaka ule mgumu Plymouth ilipanda mpaka nafasi ya tatu kwa mauzo Marekani. Ufaransa, André Citroën alichukua haki ya kuutumia mpango ule, na magari yake ya wakati ule yalibandikwa alama ya bata maji anayeelea.

Nisije nikakudanganya, ndugu msomaji. Chrysler hakukaa yeye na penseli akachora zile mauntingi. Walichora wahandisi wake. Lakini bosi aliyekulia ofisini angeuliza bei ya kipande kile cha raba akakikata. Yeye alikuwa ameshika injini kwa mikono tangu utoto, akajua kuwa kitu kile kidogo chini ya injini ndicho kitakachouza gari.

Mnara, na mwisho wake

Wakati huohuo alikuwa akijenga New York, kwa pesa zake mwenyewe, jengo linaloitwa kwa jina lake. Lilimalizika 1930, mita 319, refu kuliko majengo yote duniani kwa miezi kama kumi na moja, mpaka Empire State lilipolipita mwaka 1931. Na ndani ya jengo lile, juu kabisa, alikiweka kionekane kisanduku chake cha vifaa, vile alivyovitengeneza alipokuwa mwanagenzi wa senti 5. Tajiri mwingine angeweka picha yake na dhahabu.

Si kila kitu kilimnyookea. Mwaka 1934 walitoa gari la Airflow. Injini ilisogezwa mbele, abiria wakawekwa katikati pasipotikisika, umbo likalainishwa kwa ajili ya upepo. Ilikuwa kazi ya maana ya wahandisi, lakini watu hawakuipenda sura yake, hawakununua. Mwaka 1935 akaacha urais wa kampuni. Machi 1937 wafanyakazi wake wakagoma na kukaa ndani ya viwanda, wakitaka chama chao kitambuliwe. Aliyekuwa mfagiaji sasa alikuwa upande wa pili wa meza, na kuinuka kwake kote hakukumkinga na siku ile.

Mwaka 1938 alipata kiharusi, na Agosti ya mwaka huohuo Bibi Della akafariki. Hakuinuka tena kama zamani. Alikufa nyumbani kwake karibu na New York tarehe 18 Agosti 1940, akiwa na miaka 65.

Turudi nyumbani

Habari hizi nilimpa kijana, naye akampata fundi mmoja mzee. Wakakata vyuma vyote vilivyochomelewa. Wakatafuta mauntingi za injini ileile ya Toyota, zilizoundwa kwa uzito wake, pamoja na ya giaboksi. Vishikio vipya walivipima injini ikiwa imekalia raba kwa uzito wake wote, wasije wakaifunga raba ikiwa imepinda. Wakahakikisha egzosi haigusi chesisi popote, maana chuma kikigusa sehemu moja tu, kazi yote ya raba imepotea. Wakaweka na waya mnene wa arthi kutoka injini kwenda kwenye chesisi, kwa sababu raba haipitishi umeme, na bila waya ule stata ingewasumbua. Raba wakazikinga na mafuta na joto la egzosi, vitu viwili vinavyoziua mapema.

Je, imenyamaza kama gari jipya? Hapana. Ni dizeli ya silinda nne ndani ya bati la miaka sitini. Ikisimama kwenye taa bado unaijua kuwa ipo. Lakini kioo sasa kinaonyesha, rejeta haivuji, na unaweza kuzungumza na aliye pembeni yako bila kupiga kelele.

Kaka yangu bado hajampa mwanawe ruhusa ya kuacha ofisi. Mimi sikumlazimisha, mtoto ni wake. Nimemwambia tu kuwa baba yake Chrysler naye alikuwa na haki ya kuogopa, na kwamba alichoshinda nacho mwana ni ufagio na subira, hakushinda kwa kelele. Ijumaa iliyopita alikubali kupandishwa Land Rover kwenda msikitini na kurudi. Alipoteremka hakusema neno zuri wala baya, ila aliuliza zile raba zinauzwa riali ngapi.